Shimo likitokea uwanjani Pemba

Majeshi ya anga ya nchi kubwa yana zoezi ambalo ukilitazama kwa mbali utadhani ni mafundi wa barabara waliochelewa kazini. Shimo linachimbwa makusudi kwenye njia ya kurukia ndege, lifanane na la bomu. Wahandisi wanakata kwa msumeno zile kingo zilizobenuka, wanazoa kifusi, wanajaza, wanamimina zege la kukauka upesi, halafu wanafagia. Wamarekani hutarajia zege hilo libebe ndege baada ya kama saa mbili. Na kufagia ndiko wanakokufanyia ukali zaidi, maana kokoto moja ikimezwa na injini ya jeti kazi yote imekwenda bure.

Je, wahandisi wa medani wa JWTZ wafundishwe kazi hii kwa ajili ya uwanja wa Karume, Pemba? Hapana anayetarajia bomu pale Wawi, ulipo uwanja huo. Lakini pale njia ya kurukia ni moja tu, ya lami, karibu mita 1,500. Ndege ikipasukiwa na gurudumu ikaichimbua, au mvua za masika zikala udongo wa chini, hakuna njia ya pili ya kutua.

Wanaoitaka kazi hii wana hoja nzito. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mei 2024, boti za Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Kweli, siku kama ile hata ndege hairuki. Ila upepo ukitulia bahari hubaki imechafuka, na mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, hasubiri bahari ilale. Palu, Indonesia, tetemeko la 2018 liliipasua njia ya kurukia, na bado ndege za kijeshi za Hercules zilitua na misaada kwenye kipande kilichosalimika.

Wasioitaka nao hawabahatishi. Kiraka cha vita hupimwa kwa ndege kadhaa za kutua na kuruka, si kwa miaka. Rubani wa kijeshi kaapa kubeba hatari hiyo. Bibi anayekwenda Unguja harusini hakuapa kitu. Halafu kuna vifaa. Mjomba wangu, fundi wa nyumba Chake, hainunui saruji iliyokaa ghalani bila kuupiga mfuko kofi kwanza. "Masika hii, mwanangu, usiniambie mifuko mingapi. Niambie mingapi haijawa mawe." Saruji ya kukauka upesi ndiyo inayoogopa unyevu kuliko hii yetu ya kawaida, na Pemba ina unyevu wa kugawa. Tutainunua, tutaifungia, na siku ya haja tutaikuta imeshakuwa tofali.

Mimi naona pande zote mbili zimeliangalia zege mno.

Mwaka 1982, katika vita vya Uingereza na Argentina vya visiwa vya Falklands, ndege ya Uingereza aina ya Vulcan ilitoka kisiwa cha Ascension na mabomu 21 kwenda kuuharibu uwanja wa Stanley, uliokuwa mikononi mwa Waargentina. Moja tu ndilo lililopiga njia ya kurukia. Waargentina walilijaza shimo, na Hercules zao, ndege za mizigo za pangaboi, zikaendelea kutua usiku. Lakini kiraka kile hakikuwafaa kwa ndege za kivita za jeti. Shimo ni lile lile na kiraka ni kile kile. Kilichotofautiana ni ndege iliyotaka kupita juu yake.

Hapo ndipo penye faida kwetu. Mhandisi wa kijeshi akifika uwanjani hakimbilii kujaza. Kwanza anahesabu mashimo na kuyapima, kisha anatafuta kipande kifupi kabisa kinachotosha ndege inayongojewa, na hicho ndicho anachokitengeneza. Mengine yanasubiri. Sasa, ndege nyingi zinazotua Pemba ni ndogo za pangaboi. Mojawapo, Caravan, hata ikijaa abiria hutosheka na nusu na kidogo ya mita zile 1,500. Shimo likiwa karibu na mwisho wa njia, pengine huhitaji hata mfuko mmoja wa saruji: unapima, unafagia, unapaka alama mpya, unawatangazia marubani urefu uliobaki. Shimo la katikati ndilo balaa, na hapo vijana wenye msumeno na mtambo wa kijiko wana haki ya kuitwa.

Kwa hiyo wafundishwe, ila waanze na kupima, na wakae darasa moja na watu wa uwanja wenyewe. Penye uzito zaidi ni amri. Jeshi ni la Muungano. Uwanja ni wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Usalama wa anga unasimamiwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania. Kapteni wa wahandisi akishasema kipande kile kinafaa, nani anatia saini ndege yenye abiria itue? Ukiwauliza leo, nahofia kila mmoja atamtazama mwenzake. Karatasi ya kumtaja huyo mwenye saini haigandi kwa unyevu, na inaweza kuandikwa kabla ya masika.