Chura wa Kihansi, tembo wa Rufiji na bei tunazowapangia

Kila umeme unapokatika nyumbani kwetu Kimara, humkumbuka chura wa Kihansi. Ni chura wa rangi ya manjano, asiyefikia urefu wa sentimita 3, asiyetaga mayai kama vyura wengi bali huzaa watoto walio hai, na aliyepatikana mahali pamoja tu duniani kote: eneo la takriban hekta 2 lililokuwa likilowa usiku na mchana kwa manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme ulikuwa umekwisha kuanza.

Mitambo yenye uwezo wa megawati 180 ilipowashwa, karibu asilimia 90 ya maji ya maporomoko yale yaliingizwa kwenye mahandaki na manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walichukuliwa na kupelekwa Marekani wakahifadhiwe katika bustani za wanyama, huku korongoni kukifungwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga kilichokuwa kikifanywa na mto wenyewe bila malipo. Mwaka 2003 idadi ya waliobaki iliporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu ukahusishwa na vifo hivyo. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka uliofuata baadhi ya wazao wa wale waliosafirishwa walirudishwa na kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Je, chura huyu ana thamani gani kwa shilingi? Wakazi wengi wa jiji hili wangejibu kwamba hana, na sipendi jibu hilo libezwe. Anayelitoa ni mwenye saluni anayewaona wateja wakiondoka kwa sababu mashine zimezima, au mama anayeuza samaki ambaye friza yake imeyeyuka barafu yote kabla ya jioni. Megawati zinajulikana bei yake. Chura hajulikani, na asiyejulikana bei huandikwa sifuri katika hesabu hata kama hakuna aliyekusudia hivyo.

Wachumi wamelihangaikia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1947 Harold Hotelling aliishauri idara ya hifadhi za taifa ya Marekani ipime thamani ya hifadhi kwa kuangalia gharama ambazo wageni hukubali kuingia ili kufika huko. Kwa Serengeti njia hiyo inafaa, kwa kuwa nauli, viingilio na malipo ya hoteli vyote huacha risiti. Kwa chura wa Kihansi haituambii kitu, maana hakuna mtalii anayepanda ndege kwenda kumtazama. Mwaka 1967 John Krutilla alieleza kwamba mtu anaweza kuthamini kuwepo kwa kiumbe hata kama hatakiona maisha yake yote, na baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, watafiti waliwauliza Wamarekani wangekuwa tayari kulipa kiasi gani ili ajali kama ile isitokee tena. Jibu lilikadiriwa kuwa dola bilioni 2.8. Jopo lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow lilikubali mwaka 1993 kwamba makadirio ya aina hiyo yanaweza kutumika, ila kwa masharti makali.

Nami nimewahi kuuliza swali hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kibarua cha kukusanya takwimu, nikiwa na fomu iliyomtaka kila mtu aseme angechangia shilingi ngapi kwa mwezi ili tembo wa kusini waendelee kulindwa. Katika soko la Ilala nilimkuta mama mmoja akipepeta mchele. Alinisikiliza hadi mwisho bila kusimamisha ungo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, yaani mimi ndiyo nitoe?" Akanieleza kwamba kwao ni Rufiji, na kwamba shamba la mpunga la kaka yake lilikuwa limebakiza wiki mbili tu kuvunwa pale tembo walipoingia usiku, kulipopambazuka walikuta nyayo zimejaa maji na mpunga wote umelala kwenye tope. "Waambie waliokutuma," alisema, "sisi tumeshalipa."

Nilimjibu, "Nimekusikia, mama," kisha nikaandika sifuri, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pengine pa kuandika. Sifuri yake ikaingia kwenye wastani pamoja na sifuri za watu wasiojali kabisa kama tembo wapo au hawapo. Tangu siku ile naamini kwamba kosa kubwa la makadirio haya limo katika swali lenyewe. Kumuuliza mtu atatoa kiasi gani ni kuchukulia kwamba hadai chochote. Ukimuuliza alipwe kiasi gani ndipo akubali kuendelea kuishi jirani na tembo, utapata tarakimu nyingine kabisa, tena kubwa zaidi.

Sheria zetu nazo zimepanga bei. Mahakamani, hati ya tathmini ya nyara, yaani ya mnyama aliyeuawa au viungo vyake, imekuwa ikimhesabu tembo mmoja aliyeuawa kuwa na thamani ya dola 15,000 za Marekani, na ni kwa hesabu za namna hiyo kwamba kesi ya vipande 860 vya pembe za ndovu, iliyomalizika katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Februari 2019 kwa hukumu ya kifungo cha miaka 15, ilitajwa kuwa ya takriban shilingi bilioni 13. Kwa upande mwingine, kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Najua kifuta machozi si fidia, na jina lenyewe linasema hivyo. Lakini aliyezika mtu wake huzisoma tarakimu zote mbili, naye ndiye tunayemtegemea atoe taarifa anapowaona majangili wakipita. Kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 hadi 43,000. Siamini kwamba upungufu huo ungewezekana iwapo wanavijiji wangeona kwamba tembo aliye hai ana faida kwao.

Kuna jambo jingine linalonitia hofu, nalo ni kwamba thamani ya baadhi ya wanyama huonekana baada ya kuwapoteza. Nchini India tumbusi walikaribia kwisha kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, dawa ileile ya maumivu tunayoinunua katika maduka ya dawa mitaani kwetu. Mizoga ikarundikana, mbwa wa mitaani wakaongezeka, maji yakachafuka. Utafiti wa Eyal Frank na Anant Sudarshan uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria vifo vya ziada vya watu wapatao 500,000 kati ya mwaka 2000 na 2005. Kabla ya hapo, ni nani angeandika tumbusi kwenye bajeti ya afya? Na hapa kwetu tumbusi bado wanakufa kwa sumu inayowekwa kwenye mizoga kwa kulipiza kisasi dhidi ya simba.

Kwa hiyo sikatai makadirio. Nataka yafanyike kabla mkataba haujasainiwa, na pale kiumbe anapoishi sehemu moja tu duniani, mwenye mradi ndiye athibitishe jinsi kiumbe huyo atakavyobaki, kabla ya trekta la kwanza kuingia. Umeme wa Kihansi tunauhitaji. Ila mabomba yale ya manyunyu yangeweza kuwa kwenye michoro tangu mwanzo, na gharama yake ikawa ndani ya bei ya umeme tunaoutumia. Na kwa watafiti watakaokwenda tena sokoni Ilala na fomu zao, ombi langu ni nafasi ya swali moja zaidi, kabla ya lile la atatoa kiasi gani: wewe na watu wa kwenu mmeshalipa nini?