Paris si ghali, mlango wake ndio ghali

Tangu nirudi kutoka Paris Septemba 2025, swali ninaloulizwa ni moja: "Ulitumia ngapi?" Hakuna anayeuliza mnara wa Eiffel ukoje, mnara wameshauona kwenye kalenda za ukutani. Nikijibu naonekana nadanganya, maana fedha zangu zilitoka kwa mafungu mawili yasiyofanana hata kidogo. Kuna zilizoondoka kabla sijafunga begi, na kuna nilizotumia nikiwa kule.

Zile za kwanza ndizo zilizoniuma. Viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 80. Kwa hesabu ya haraka ya shilingi 3,000 kwa euro, hiyo ni 270,000, na ukinyimwa hairudi. Bado hujalipa ada ya kituo kinachopokea maombi, wala bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Mimi naishi Tanga, kwa hiyo weka na nauli ya basi kwenda Dar mara mbili, kwa sababu safari ya kwanza taarifa yangu ya benki haikuwa na mhuri. Karatasi zote zipo, picha ipo, barua ya mwajiri ipo, mhuri wa ukurasa mmoja ukanirudisha Tanga. Mmarekani anayekwenda kutembea wiki moja haombi viza kabisa. Anakata tiketi, anapanda ndege.

Halafu kuna sharti la kuonyesha mfuko. Ufaransa inataka mgeni athibitishe kuwa ana angalau euro 65 kwa kila siku kama hoteli ameshaiweka, na 120 kama hana. Nikazikusanya, nikazionyesha, nikasafiri nazo. Sikuzimaliza. Ukiacha kitanda, siku nyingi nilitumia chini ya euro 40, na sikulala njaa hata siku moja.

Kitanda, ndiyo, kilinikamua. Euro 95 kwa usiku karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, na kodi ya utalii ya jiji inadaiwa pembeni, chumba chenyewe ukitaka kufungua begi sharti kwanza ufunge mlango wa choo. Hapo sina la kuwatetea.

Ila nje ya chumba, jiji lile lina huruma kuliko sifa zake. Mwaka 2025 tiketi moja ya metro, yaani treni ya chini ya ardhi, au ya treni ya kawaida ilikuwa euro 2.50, bei hiyohiyo ukishuka vituo viwili mbele au ukienda mpaka Versailles, nje kabisa ya jiji. Uwanja wa ndege ndio ulikuwa na bei yake, euro 13. Vyoo vya barabarani ni bure. Maji ya bomba mgahawani ni bure pia, ni haki yako, lakini lazima uyaombe kwa jina lake: *une carafe d'eau*, jagi la maji. Siku ya kwanza nilisema "maji" kwa Kifaransa changu cha shule, nikaletewa chupa yenye gesi. Euro 6. Nikainywa yote, hata gesi sikuiacha.

Kahawa nayo ina siri yake, na siri yenyewe imeandikwa ubaoni. Ubao una safu mbili za bei, ya anayekunywa amesimama kaunta na ya anayekaa mezani. Kaunta nililipa euro 1.40. Kwenye kiti, kikombe kilekile, mashine ileile, ilikuwa zaidi ya mara mbili. Kuanzia hapo nikawa mtu wa kusimama. Mzee mmoja mwenye kofia alikuwa anasimama palepale kila asubuhi, na siku ya tatu akanisogezea bakuli la sukari bila neno.

Chakula nilikimbilia Château Rouge, mtaa wa Waafrika. Mihogo, ndizi za kupika, majani ya muhogo yamefungwa mafungu, na nje ya kituo cha metro akina mama wanauza mahindi ya moto. Nikasikia mmoja anazungumza na simu, Kiswahili cha Bukavu. "Shikamoo mama," nikamwambia, akacheka mpaka simu ikamponyoka. Hindi euro 2. Nikamwomba anipunguzie, tabia haina dawa. "Ndugu yangu," akasema, "huku iko bei ya huku." Akaniongezea pilipili.

Sasa nije kwenye Louvre, jumba kubwa la makumbusho. Mimi nililipa euro 22, nikatembea mpaka miguu ikagoma. Tangu Januari 2026 ningelipa 32, kwa kuwa wameweka bei ya pekee kwa wasiotoka Eneo la Uchumi la Ulaya (nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Norwe, Iceland na Liechtenstein), ili kuchangia ukarabati wa jumba. Nilipoisikia habari hii damu ilinichemka, nikaanza kuandika hii makala kwa hasira.

Kisha nikaikumbuka Serengeti. Pale mgeni wa nje analipa dola 70 kwa siku msimu wa watu wengi, kabla ya VAT. Sisi wa Afrika Mashariki tunalipa shilingi 10,000. Hatujawahi kuona aibu, na sioni kwa nini tuone. Kwa hiyo Wafaransa wametuiga tu, na anayekula kwa bei ya wenyeji kwake hawezi kulia sana akiambiwa ni mgeni kwa mwenzake.

Hasira ikapungua, lakini haikuisha. Kwa mpaka huu mpya, Mnorwe anaingia kwa 22 na Mmisri kwa 32. Mmisri! Ndani ya jumba lile kuna vyumba kwa vyumba vya sanamu, majeneza na mafunjo yaliyotoka Misri. Unatembea saa nzima hujayamaliza. Simba wa Serengeti hakuchukuliwa kutoka Norwe. Kama kuna mtu aliyestahili punguzo mlangoni pale, ni yule ambaye babu zake walichonga vitu vinavyojaza foleni.

Wenye mfuko mwepesi bado wana pa kwenda. Kanisa kuu la Notre-Dame lilifunguliwa tena Desemba 2024, miaka mitano na ushei baada ya moto, na kuingia ni bure. Waziri wa utamaduni alipendekeza watalii walipe euro 5, kanisa likakataa. Makumbusho ya Petit Palais na Carnavalet, mikusanyo yao ya kudumu haina kiingilio kwa yeyote, pasipoti ya rangi yoyote. Carnavalet nilienda mara mbili.

Binamu yangu anajiandaa kwenda Juni. Nimemwambia afike Jumatatu. Kadi ya usafiri ya wiki, mwaka 2025 ilikuwa euro 31.60, inaanza Jumatatu na kufa Jumapili usiku, na inakubeba mpaka uwanja wa ndege kwenda na kurudi. Mimi nilifika Alhamisi kwa sababu tiketi ya ndege ilikuwa nafuu, nikajiona mjanja, nikalipa 13 kwenda na 13 kurudi. Na Jumanne asihangaike na Louvre, inafungwa. Mengine yote yanasubiri mhuri wa benki.