Chewa wa Shangani

Kwa kuwa yule rafiki yangu (anajijua) ameshasambaza ya kwake kwenye magrupu matatu, eti mke wangu kanichapa, ngoja niseme mwenyewe mdomo ukiwa bado unawaka. Sijachapwa. Nimeng'ata korosho.

Mnajua nilivyowatambia tangu nihamie Shangani, hapa Mtwara: nakula cha msimu tu. Agosti ming'oko (vile viazi vya porini) kwa chumvi na pilipili. Bamvua likiacha mwamba mkavu, niko Feri, soko la samaki, nasubiri pweza. Sasa Oktoba, mabibo.

Jumapili tukaenda ukweni. Chini ya mkorosho mabibo yamelala mekundu na manjano, kila moja na korosho yake mkiani. Nikala bibo, maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko (shati jeupe, msiniulize). Ikabaki korosho. Nikajisemea, si ndizo hizi mjini tunauziwa kwa kupimiwa?

Nikaiweka kwenye magego.

Ngumu. Nikabana. Nikabana tena, jicho moja nimelifumba. Ka! Ganda likapasuka, kitu kama oili chafu kikatambaa taratibu juu ya ulimi, kikapita kwenye ufizi, kikafika mdomo wa chini, kikaweka kambi. Kwanza kimya. Halafu nikaona mbona kawaida tu. Halafu nikawa kama nimebusu pasi.

Mama mkwe huyo, anatoka jikoni na sahani.

"Mwanangu, mbona umesimama hivyo?"

Midomo haitaki kukutana. "Hakuna kitu, nana."

"Nana?" Akaniangalia, akaangalia ganda chini. "Yarabi! Umeng'ata mbichi? Mwanangu, hiyo inachomwa kwanza! Ganda lina mafuta, yanababua. Sisi tukichoma hata moshi wake tunaukimbia, wewe unatafuna?"

Akaita watu. Wote. Hadi jirani aliyekuwa anakoga.

Sabuni, mafuta ya nazi, zahanati, muuguzi akacheka kwanza ndipo akaandika, nyumbani, usingizi hakuna. Asubuhi mdomo wa chini ulitangulia kutoka chumbani. (Anayetaka picha amwombe mke wangu, anazo kumi na moja.)

Jana nikapita Feri nimejiziba kwa leso. Upepo ukaifunua. Muuza samaki akanitazama, akainua chewa mmoja mnene mezani, akamweka sambamba na uso wangu.

"Bosi, huyu ni ndugu yako kabisa. Nikupunguzie?"

Nikamchukua. Supu yake naivuta kwa mrija sasa hivi.