Granuloma ya kifua kikuu: ukuta unaolaumiwa kupita kiasi

Katika mijadala ya kifua kikuu imekita mizizi hoja kwamba granuloma, kile kifundo cha seli za kinga kinachowazunguka bakteria kwenye mapafu, ni maficho ya bakteria wenyewe. Hitimisho linalofuata ni jepesi: kibomolewe, dawa zipenye, ugonjwa uishe upesi. Hoja hiyo ina ushahidi wa kweli. Tatizo ni kwamba imesukumwa mbali kuliko ushahidi wake, na wagonjwa ambao ukuta wao ulilegezwa kweli hawatajwi.

Tuanze na nguvu yake. Mwaka 2009 watafiti Davis na Ramakrishnan walifuatilia maambukizi ya Mycobacterium marinum, bakteria ndugu wa yule wa kifua kikuu, ndani ya viluwiluwi vya zebrafishi, samaki wadogo ambao miili yao hupitisha mwanga, hivyo seli huonekana zikitembea. Makrofaji, yaani seli ya kinga inayomeza vijidudu, iliyoambukizwa ilikufa, nyingine zikavutwa pale, zikameza mabaki pamoja na bakteria, nazo zikaambukizwa. Bakteria waliokosa eneo la jeni liitwalo RD1 hawakuweza kuvuta seli kwa kasi hiyo, na maambukizi yakasambaa polepole. Kwa hiyo ni kweli kwamba, mwanzoni, bakteria hunufaika na mkusanyiko huo.

Ni kweli pia kwamba kiini cha granuloma iliyokomaa ni mahali pagumu kwa dawa. Katikati kuna tishu iliyokufa inayofanana na jibini laini, haina mishipa ya damu, ina mafuta mengi na oksijeni kidogo. Bakteria waliomo hupunguza mno kuzaliana, na dawa zinazoua seli inayojigawa huwakosa. Kati ya dawa za kifua kikuu, pirazinamidi hupenya hadi humo na rifampisini hujikusanya humo taratibu. Bedakwilini kwa sehemu kubwa hunaswa na seli za ukingoni. Hii ni sababu mojawapo ya matibabu ya kawaida kuchukua miezi 6.

Lakini kiluwiluwi cha zebrafishi, katika siku za majaribio yale, hakina limfosaiti zilizokomaa, yaani seli nyeupe za damu zinazolenga kijidudu mahususi. Kinachoonekana pale ni makrofaji peke yake, sura ya kwanza tu ya kisa. Granuloma ya binadamu ina tabaka: kiini kilichokufa, makrofaji zilizogeuka kuwa seli za epithelioidi zilizoshikana bega kwa bega, seli kubwa za Langhans zenye viini vingi vilivyopangwa kama kiatu cha farasi, kisha mkanda wa limfosaiti na nje kabisa nyuzi za kovu. Isitoshe, kazi nyingine ya mwaka 2008 iliyofanywa na kundi hilohilo la watafiti ilionyesha kwamba samaki walipozuiwa kupokea ishara ya TNF, protini inayoziamsha makrofaji, bakteria waliongezeka haraka, makrofaji zikapasuka na granuloma ikasambaratika. Matokeo haya hunukuliwa mara chache kuliko yale ya 2009, ilhali yote mawili yanapaswa kusomwa pamoja.

Kwa binadamu, jaribio hilo limeshafanyika bila kukusudiwa. Infliksimabu, kingamwili inayozuia TNF, ilianza kutumika kwa baridi yabisi na ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa kudumu wa utumbo, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2001 Keane na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kuanza dawa hiyo. Kati yao, 40 walikuwa na ugonjwa nje ya mapafu, na 17 ulikuwa umetapakaa mwilini. Kwa watu wasio na VVU, ugonjwa wa nje ya mapafu ni takriban mgonjwa mmoja kati ya watano. Hapa ni zaidi ya nusu. Namba hiyo inastahili kutazamwa polepole. Kama granuloma ingekuwa nyumba ya bakteria tu, kuilegeza kungewaacha bila makao na kuwaweka wazi kwa kinga na dawa. Badala yake waliingia kwenye damu na kutua kwenye tezi, mifupa na utando wa ubongo. Tena 48 kati ya hao 70 waliugua baada ya dozi tatu au pungufu, na dozi ya tatu hutolewa wiki ya 6. Muda mfupi hivyo unaelekeza kwenye maambukizi ya zamani yaliyokuwa yamezuiliwa, si mapya.

VVU inaeleza jambo hilohilo kwa njia nyingine. Seli za CD4, limfosaiti ambazo VVU huziharibu, zinapopungua sana, kipande cha tishu kikiwekwa chini ya hadubini huonyesha makrofaji zilizotawanyika, seli chache za epithelioidi, na bakteria tele. Hapo msomaji wa slaidi anaweza kuteleza: haoni granuloma, anaandika kwamba hakuna dalili ya kifua kikuu, na rangi ya Ziehl-Neelsen, inayowafanya bakteria hao waonekane, haipakwi. Tishu isiyo na granuloma kwa mgonjwa mwenye CD4 chache ni sababu ya kupaka rangi hiyo. Makohozi nayo hupotosha upande wa pili. Granuloma isiyoundwa vizuri haizai mapango kwenye mapafu, na bila mapango bakteria hawafiki kwa wingi kwenye njia ya hewa. Hadubini huhitaji takriban bakteria 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo iwaone. Mgonjwa mwenye bakteria mwili mzima anaweza basi kutoa makohozi yanayosomeka kuwa safi.

Hata hivyo, si kila kinga zaidi ni nafuu. Panya waliokosa PD-1, breki ya seli za T (aina ya limfosaiti), hufa haraka wakiambukizwa kifua kikuu, na baadhi ya wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa za kuzuia PD-1 huugua kifua kikuu wakati wa tiba hiyo. Katika kifua kikuu cha utando wa ubongo, deksamethasoni, dawa inayopunguza uvimbe, ilishusha vifo kutoka asilimia 41.3 hadi 31.8 katika utafiti wa Vietnam wa mwaka 2004. Hoja ya kupunguza ukali wa kinga ina msingi. Ila wagonjwa wale walikuwa wakimeza dawa za kifua kikuu wakati huohuo, sharti linaloachwa nje pale watu wanaposema "tubomoe granuloma".

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu kima wa aina ya makaki unafanya swali lenyewe libadilike. Ndani ya mnyama mmoja, kila granuloma, mara nyingi, ilikuwa imeanzishwa na bakteria wake mmoja tu. Baadhi zikasafisha bakteria wote, nyingine zikashindwa, hata kwa mnyama aliyekuwa mgonjwa. Kwa hiyo kuulizana kama granuloma inasaidia au inadhuru ni kupoteza nguvu. La kuchunguza ni kwa nini jirani wawili kwenye pafu moja wanafuata njia tofauti, na hapo vimeng'enya vinavyokata kolajeni, protini inayoshikilia tishu, hasa kile kiitwacho MMP-1, vinastahili kulengwa kuliko TNF: hivyo ndivyo vinavyochimba pango, na antibiotiki ya doksisaiklini hupunguza nguvu yake. Kwa anayekaribia kupewa kizuizi cha TNF leo, utaratibu ni kuuliza historia ya kifua kikuu, kupima ngozi au damu, kupiga picha ya kifua, na akiwa na maambukizi yaliyofichika, kumwanzishia tiba kinga angalau mwezi mmoja kabla ya dozi ya kwanza.