Je, "dhow" ya Waingereza ni dau letu?

Waingereza wana neno dhow, ambalo hulitumia kwa karibu kila chombo cha tanga cha Bahari ya Hindi, na wapo wanaoshikilia kwamba walilitoa kwetu, katika dau. Dai hilo halikosi hoja. Matamshi yenyewe yanalisaidia, maana Mwingereza hulitamka bila dh ya dhahabu wala ya dhambi, hata hiyo h ikabaki pambo tu la tahajia. Henry Yule na A. C. Burnell, katika kamusi yao ya mwaka 1886 ya maneno ya Waingereza wa India, waliona dow, pasipo h, ndilo lenye usahihi zaidi.

Upande wa pili hoja zake zinatoka mbali na pwani yetu. Afanasii Nikitin, mfanyabiashara wa Kirusi aliyevuka kwenda India katika karne ya 15, alikiita chombo alichopanda na farasi wake tava, neno ambalo wengi hulihusisha na dhow. Waingereza wa magharibi mwa India nao walikwisha kuandika dow katika karne ya 18, kabla manowari zao hazijaanza kuwinda majahazi ya watumwa Zanzibar.

Watetezi wa dau hutaja ngeli kuonyesha kwamba neno ni la Kiswahili asilia: dau, madau, kama jicho, macho. Hoja hii naiona dhaifu, kwani duka na maduka yamo humo humo, na duka ni la Kiarabu.

Kinachonitatiza zaidi ni maana. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu Kiswahili cha Unguja, aliandika kwamba dau ni chombo kidogo kisicho na sitaha, kilichochongoka mbele na nyuma, chenye tanga la mkeka, ambacho wenyeji wa asili wa kisiwa walikitumia hasa kuleta kuni mjini kutoka kusini. Ni shida kuamini kwamba jina la chombo cha kuni ndilo lililopanda hadi kwenye majahazi makubwa ya Oman. Naelekea kuona kwamba neno lilizunguka na mabaharia wa bahari nzima, Waswahili wakakipa chombo kimoja jina hilo, Waingereza wakalitandaza juu ya vyote. Mabaharia Waarabu wenyewe hukitaja kila chombo kwa umbo lake, sambuki, bagala au bumu, na Lamu hadi leo dau la msumari, lililoungwa kwa misumari, ni chombo kimoja mahsusi, si jahazi wala mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba.