Kwenda kazini si kwenda kikazi: bima ya gari binafsi kwenye barabara za Kusini

Msimu wa korosho ukifunguliwa, magari madogo ya binafsi yenye namba za njano huanza kufanya shughuli ambazo wenyewe hawakuzitaja siku walipokata bima. Afisa mikopo anatoka Mtwara mjini kufuatilia vikundi Tandahimba. Mwuzaji wa viuatilifu ana maboksi kwenye buti, anapita Ndanda, Masasi, Nachingwea. Mhasibu anatumwa Newala kukagua hesabu za AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, naye mwajiri anamrudishia hela ya mafuta. Gari likipinduka na kampuni ya bima ikaanza kuuliza maswali, jibu la mtaani liko tayari: hawa ni wezi, kuchukua hela wana haraka, kulipa wanatafuta sababu.

Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, na tutaufikia. Lakini lile swali linaloudhi kuliko yote, kwamba gari lilikuwa linafanya nini wakati wa ajali, limekuwa likieleweka vibaya. Watu wanalichukulia kama mtego uliotegwa baada ya ajali, wakati ni swali ambalo bei ya bima ilipangwa kwa kulitegemea tangu mwanzo.

Kiswahili chenyewe kinatenganisha mambo haya mawili bila taabu. Kwenda kazini ni kutoka Shangani asubuhi, kuegesha gari ofisini, kurudi jioni. Kwenda kikazi ni gari lenyewe kugeuka kifaa cha kazi. Mikataba mingi ya gari binafsi inatofautisha hivyohivyo. Kipengele cha mipaka ya matumizi huruhusu matumizi ya nyumbani, ya kijamii na ya starehe, na mara nyingi huongeza “shughuli za mwenye bima”. Kisha hutoa nje kubeba watu au mizigo kwa malipo, kukodisha gari, mashindano ya mbio, biashara ya magari, na kubeba bidhaa za biashara. Maneno hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, ndiyo maana mkataba wa jirani hauwezi kukujibia wako.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo hoja ya kampuni za bima inapokuwa na nguvu ambayo wachache huipa. Chukua mtu anayeishi kilomita 6 kutoka ofisini. Kwenda na kurudi ni kilomita 12 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni kilomita 264 kwa mwezi. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Mingoyo ni kilomita 200. Safari moja ya kikazi, kwenda na kurudi, ni 400. Yaani Jumanne moja tu imemeza mwezi mzima wa kwenda ofisini na kubakiza. Mtu huyo akienda Masasi mara nne kwa mwezi, gari lake linatembea kilomita 1,600 juu ya zile 264, jumla 1,864: mara saba ya gari ambalo kampuni ilidhani inalikatia bima. Na hizo si kilomita za mjini kwa mwendo wa pole. Ni za barabara kuu, kupishana na malori ya saruji na ya korosho, kuwakwepa mbuzi na bodaboda zisizo na taa, na kurudi jioni umechoka kwa sababu kikao kilichelewa kuanza.

Aliyepangiwa bei ya kilomita 264 na akatembea 1,864 hajaiba, sawa. Ila pengo hilo mtu analibeba, na wanaolibeba ni wateja wengine wa kundi lake, akiwemo yule mwalimu wa Mikindani ambaye gari lake halitoki nje ya mji mwaka mzima.

Tuangalie fedha zenyewe. Bima kubwa ya gari binafsi kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5, kwa gari la Sh milioni 15, ni Sh 525,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 unafika Sh 619,500. Tuseme kampuni, baada ya kuambiwa ukweli, inapandisha kiwango hadi asilimia 4. Nyongeza ni Sh 75,000, pamoja na VAT Sh 88,500 kwa mwaka, ambayo ni Sh 7,375 kwa mwezi. Safari ile ya Masasi, kwa gari linalotembea kilomita 10 kwa lita, inakula lita 40. Hata ukiihesabu lita kwa Sh 2,500 tu, ni Sh 100,000. Nyongeza ya mwaka mzima haifiki mafuta ya safari moja. Mtu anaficha jambo la Sh 88,500 na kuweka rehani gari la milioni 15.

Upande wa pili nao una hoja. Mteja anakata bima kwa wakala dirishani au kwa simu, dakika kumi, anachoulizwa ni namba ya gari, thamani, na jina. Stika inatoka, trafiki akikagua anaiona mtandaoni, mambo yameisha. Kitabu cha masharti, kama amepewa, kimeandikwa Kiingereza cha wanasheria. Haiwi haki kumwambia mtu huyu baada ya ajali kwamba alipaswa kutamka jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. Isitoshe, hayo maneno “shughuli za mwenye bima” yana utata wa kweli: afisa mikopo anapokwenda Tandahimba, ile ni shughuli yake au ya benki? Kanuni ya mikataba inasema utata hufasiriwa dhidi ya aliyeandika, na mteja anayekataliwa kwa hoja hiyo ana haki ya kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, au kuanzia ofisi ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Ila gari limelala gereji, mkopo wa benki unaendelea, na kushinda baada ya miezi mingi ni nusu ya kushinda.

Anayekwepa macho ya watu katika mgogoro huu ni mwajiri. Msimamo wake husikika wa busara: gari ni lako, bima ni yako, mimi ninakulipa kwa kilomita na malipo hayo yamehesabu uchakavu wote. Tena hawezi kukatia bima gari asilolimiliki. Kwa upande wa bati na injini, hoja yake inasimama.

Kwa upande wa mtu aliyegongwa haisimami kabisa. Mahakama haiangalii kadi ya gari ni ya nani tu. Inaangalia dereva alikuwa akifanya kazi ya nani. Mwajiri anawajibika kwa uzembe wa mfanyakazi wake anapotekeleza kazi aliyotumwa, hata kama usukani ni wa gari la mfanyakazi. Mwendesha baiskeli akivunjwa nyonga pale Nangurukuru, wakili wake atawashtaki wote wawili, na atamfukuzia zaidi mwenye mfuko mnene. Sasa fungua makabati. Bima ya mfanyakazi inamlinda yeye na dereva aliyemruhusu. Jina la mwajiri halimo. Bima ya mwajiri imeorodhesha magari ya ofisi kwa namba. Ile RAV4 ya mhasibu haimo. Bima mbili zimelipiwa, zote hai, na bado mwajiri amesimama mahakamani bila kinga. Anayesema “bima ni yako” hajajua kwamba sentensi hiyo ndiyo inayomwacha uchi.

Dawa ipo na si ya ajabu. Mfanyakazi anaiomba kampuni yake ya bima, kwa barua, iongeze kiambatanisho chenye mambo mawili: kwamba gari linatumika pia kwa kazi za mwajiri, akitajwa kwa jina, na kwamba kinga ya madai ya mtu wa tatu inamfikia mwajiri huyo. Barua iseme ukweli wa namba: makadirio ya kilomita kwa mwezi, wilaya zinazofikiwa, na kinachobebwa. Kompyuta na mafaili ni jambo moja. Mifuko ya salfa (dawa ya mikorosho) ya AMCOS ni jambo jingine kabisa, hiyo ni bidhaa ya biashara. Majibu ya wakala kwa mdomo, “hamna shida bosi”, hayana thamani. Kinachotakiwa ni karatasi yenye namba ya mkataba, tarehe na mhuri. Mwajiri naye anaweza kukata kinga ya dhima yake kwa magari asiyoyamiliki, na ni uungwana alipie ile nyongeza ya Sh 7,375 kwa mwezi.

Mwili wa mfanyakazi una njia yake. Akiumia safarini kikazi, fidia inatoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri peke yake ndiye anayeuchangia. Mfuko huo haugusi gari. Unachohitaji ni ushahidi kwamba safari ilikuwa ya kazi, kwa hiyo kibali cha safari kiandikwe kabla ya kuondoka, si baada ya ajali.

Hapo kuna mtego ambao wengi hujinasa wenyewe. Kwa Mfuko anaandika alikuwa kikazi. Kwenye fomu ya madai ya bima anaandika alikwenda kumsalimia shangazi Ndanda. Mkadiria hasara anasoma ripoti ya polisi na mchoro wa ajali, anapiga simu ofisini, anakuta kibali. Kufikia hapo kipengele cha matumizi hakina umuhimu tena. Dai linakataliwa kwa udanganyifu, na hilo hata Msuluhishi hawezi kulisafisha.

Kuna jambo moja ambalo kiambatanisho hicho hakitalifunika. Ukitoka Masasi mikono mitupu, ukasimama stendi kujaza viti vitatu kwa nauli ili kufidia mafuta, hiyo ni kubeba abiria kwa malipo, mchomoko kama michomoko mingine. Kazi hiyo inataka bima ya daraja jingine na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini.