Mtalawanda wa Kiholanzi

Hebu nielezeni, wazee wenzangu: nani alimdanganya binadamu kwamba gogo linavalika? Mguu umeiva nyanya, na hili gogo, kiatu cha mbao cha Uholanzi, limekaa mlangoni limeinua pua kama aliyeshinda kesi.

Makumbusho ya vijiji vya Uholanzi yana heshima zake, sikatai. Ya Arnhem, yaliyofunguliwa 1918, yana tramu ya kizamani ya kukuzungusha. Ya Enkhuizen huendewa kwa boti. Kiingilio tusikizungumze, mnajua wenyewe. Balaa ni fundi wa viatu vya mbao.

Fundi huyo anachukua kipande cha mti uitwao mpopla, tena kibichi, maana mti mkavu unakuwa mgumu na kumaliza makali ya zana. Anakibana kwenye mashine sambamba na kiatu cha mfano, kisu kinafuata mfano huo kila ulipopinda, na dakika chache tu umbo limetoka. Mashine ya pili inakomba tumbo. Kisha bwana anaweka mdomo kwenye tundu, anapuliza fuu! na maji yanachuruzika puani mwa kiatu, kwa kuwa nyuzi za mti zimelala kwa urefu. Makofi! Pochi zinafunguka zenyewe.

Baada ya hapo kiatu kinakaa wiki kadhaa kikauke polepole. Polepole, nimesema! Ukikisogeza karibu na hita, nje kunasinyaa wakati ndani bado kuna maji, kinapasuka paa. Wakulima wa zamani walikikaza kwa waya wakaendelea kukamua ng'ombe.

Na msikinunue kama raba. Vaa soksi nene ya sufu, sukuma mguu mpaka vidole viguse mbele, kisha nyuma ya kisigino paingie kidole kimoja cha mkono. Pasipoingia, rudisha. Mbao haitanuki kwa huruma! Haipindi pia, ndiyo maana pua imepanda juu: unabingirika mbele, kisigino kinainuka kidogo. Ukilazimisha mwendo wa sokoni, ukingo unakugonga juu ya mguu, pale pale, kila hatua. Mtalawanda wetu wa pwani una msuruaki, kile kijiti cha kubanwa na vidole, na vidole vinajua vimeshika nini. Hiki vidole vinashika nini? Imani?

Haya, kwenye tope la malisho kina akili: mguu haulowi upesi, na ng'ombe akikukanyaga unabaki na vidole vitano. Lakini lami? Ko-ko-ko-ko, mtaa mzima wajue umerudi saa ngapi!

Ukichoka, usitazamie kitanda. Kitanda cha Waholanzi wa zamani, kwenye nyumba za makumbusho hayo, ni kabati ukutani, lina milango, fupi, kwa vile walilala wameegemea mito nusu wameketi. Mtoto mchanga aliwekwa kwenye rafu juu ya miguu ya wazazi. Rafu! Kama sufuria.

Ngazi zao ni za kupandia mnazi.

Halafu mwaka 1932 waliiziba Zuiderzee, ghuba yao ya bahari, kwa tuta, maji yakapoteza chumvi, samaki wa heringi wakakosa kwao. Anayeziba bahari nzima utamwambia nini kuhusu kiatu? Angalau pale Enkhuizen samaki wa moshi yupo, tena mnono. Nileteeni huyo, na mkate, na chumvi kidogo, na malapa yangu yako wapi?